Mume wangu anataka sola ya milioni 6, nami nazima taa kila chumba: nani kati yetu anaokoa?

Barua ya msomaji

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Ipagala hapa Dodoma, na kwa miaka 9 sasa nauza barafu na juisi za ukwaju na ubuyu barazani kwangu. Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu imegeuka uwanja wa mabishano kuhusu umeme, na sasa mabishano hayo yamefikia fedha ambazo zikipotea hatutazipata tena.

Mume wangu alistaafu mwezi wa Juni. Kabla kiinua mgongo hakijatulia benki, alikuja fundi mmoja wa sola, akapanda juu ya bati, akapima, kisha akatuandikia karatasi ya gharama: paneli 4 za wati 350 kila moja, inveta ya kilowati 3, betri 4 za asidi za N200, pamoja na nyaya na ufundi, jumla shilingi 6,200,000. Katika hizo, betri peke yake ni shilingi 2,200,000. Fundi alimwambia mume wangu kwamba mfumo huo ukishafungwa tutasahau habari za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu siku hiyo baba watoto hazungumzi jambo lingine. Kila umeme unapokatika husema, "Unaona sasa?"

Mimi kwa upande wangu naamini dawa ni kubana. Napita kila chumba kuzima taa, nimewakataza watoto kuwasha feni mchana, na nikikuta runinga inawaka bila mtazamaji sikai kimya. Wameniita bahili, na binti yangu mkubwa alilia juzi kwa sababu nilimzimia taa akiwa anajisomea. Mdogo wake mume wangu naye, ambaye tunaishi naye, hutucheka sote wawili. Anasema Bwawa la Nyerere limekamilika, umeme nchini ni mwingi kuliko tunavyoweza kuutumia, na kwa hiyo kubana ni kujitesa na sola ni kutupa fedha.

Hesabu zetu ni hizi. Kwa mwezi tunatumia uniti zipatazo 205, ambazo hutugharimu shilingi 73,000 hivi, mbali na kodi ya jengo inayokatwa humo humo kwenye LUKU. Tuna friza moja kubwa ya kulala niliyoinunua mtumba mwaka 2017, friji hatuna. Asubuhi tunachemsha maji ya kuoga kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo, ndoo 3 za lita 20, kwa sababu wakubwa hawawezi maji ya baridi na watoto wameridhika kuoga jioni. Taa za ndani ni LED zote, sita kwa idadi, lakini taa ya nje ya ulinzi ni globu ya zamani ya wati 60 inayowaka tangu magharibi hadi alfajiri. Kwa kuwa uliwahi kuwashauri wasomaji wapime kwanza kabla ya kulalamika, usiku mmoja nilizima kila kitu nikaiacha friza peke yake, tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, na mita ilionyesha imekula uniti 1.1. Sijui kama hiyo ni nyingi au ni kidogo.

Chakula napikia mkaa wa shilingi 2,000 kila siku, na gesi kwa ajili ya chai. Umeme siupikii kabisa, maana tangu utotoni nimeambiwa kwamba jiko la umeme linamaliza LUKU.

Nina jambo la mwisho. Mama mkwe wangu anaishi kitongojini huko Kondoa, ambako nguzo zimeishia kijijini, mbali na kwake. Anatumia koroboi, na simu yake huipeleka sokoni kuchajiwa kwa kulipia. Mume wangu anasema sola yetu ikishafungwa ndipo tutamfikiria.

Naomba unisaidie. Je, huku kubana kwangu kuna maana yoyote? Na je, tuziweke hizo milioni 6 juu ya bati?

Ni mimi, Muuza Barafu, Dodoma.

Jibu la Mshauri

Dada yangu Muuza Barafu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kilichonifurahisha zaidi ni ile uniti 1.1 ya friza, kwa sababu wengi huniandikia wakiwa na hasira tupu bila hesabu. Hiyo namba moja inatosha kutuonyesha karibu kila kitu kuhusu nyumba yako. Kubana kuna faida, tena kubwa, lakini unabana mahali ambapo umeme haupotei. Umeme wa jua nao una faida, lakini mfumo aliouandika fundi hautawalipa ninyi, ilhali mfumo mdogo kabisa ungemlipa mama mkwe wako tangu usiku wa kwanza.

Tuanze na hizo taa zinazowagombanisha. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kikiwaka kwa saa moja. Taa ya LED ya kawaida ni wati 9 hivi, na taa zako sita zikiwaka zote kwa saa 5 kila usiku zinakula chini ya theluthi ya uniti, yaani uniti 8 kwa mwezi. Kwa bei unayolipa, ambayo ukigawanya shilingi 73,000 kwa uniti 205 unaipata kuwa shilingi 356, taa zote za ndani zinakugharimu shilingi 2,900 kwa mwezi mzima. Taa ile moja uliyomzimia binti yako hata ingewaka hadi saa sita usiku kwa mwezi mzima isingefika shilingi 1,000. Nakuomba, dada yangu, umwashie mtoto taa yake asome, na umwambie kwamba umefanya hesabu upya.

Sasa tazama friza. Uniti 1.1 kwa saa 8 ni uniti 3.3 kwa siku, na kwa mwezi inakaribia uniti 100. Hiyo ni nusu ya umeme wote wa nyumba yako, na hapo ulipima usiku, wakati hewa ya Dodoma imepoa na hakuna mteja anayegonga kuomba barafu. Mchana hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Sehemu ya umeme huo ni halali, kwa sababu kugandisha maji kunahitaji nguvu nyingi na barafu ndiyo riziki yako. Lakini friza ya mtumba iliyokwisha kufanya kazi kwako peke yako kwa miaka mingi hivyo huwa na mahali inapovujisha ubaridi, na kwanza nashuku mpira wa mfuniko.

Chukua noti au kipande cha karatasi, kiweke ukingoni mwa friza, funga mfuniko, kisha kivute polepole. Kikikataa kutoka, au kikitoka kwa shida, mpira bado unashika. Kikiteleza kama vile hakuna kitu, hapo ndipo joto linapoingilia. Zunguka ukingo mzima hivyo, kiganja kwa kiganja, hasa upande wa bawaba na kwenye pembe, na uweke alama ya chaki kila mahali karatasi ilipoteleza. Mimi nilipolifanya jambo hili kwangu niligundua kwamba upande mmoja mzima ulikuwa umekakamaa na kuinuka kiasi cha kupitisha kucha, na ndani yake, mahali hapo hapo, kulikuwa na ukuta wa barafu nene kuliko kidole gumba. Barafu ya namna hiyo inayoganda ukutani haikusaidii kupoza chochote, bali inaufunika ubaridi usifikie vitu vyako, na mashine inaendelea kunguruma bila kupumzika. Iyeyushe kila inapofikia unene wa nusu kidole, na uifanye kazi hiyo siku ambayo umeshauza mzigo wako. Usiichokonoe kwa kisu, kwa maana wengi wametoboa bomba la gesi kwa namna hiyo na kupoteza friza nzima.

Mpira mpya unapatikana kwa mafundi wa friji, na bei yake haifanani kabisa na bei ya friza. Pamoja na hayo, isogeze friza kutoka ukutani ili mgongo wake upumue, iondoe mahali inapopigwa na jua la alasiri kama ipo huko, na maji ya kugandisha yaache yalale nje ya friza usiku ili yaingie yakiwa yamepoa. Kwa makadirio ya tahadhari, friza yako ikishuka kutoka uniti 3.3 hadi 2.5 kwa siku utakuwa umeokoa uniti 24 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 8,500, na barafu yako haitapungua hata mfuko mmoja. Kama baada ya yote hayo mashine bado haipumziki, mwite fundi aangalie gesi na kompresa.

Kinachofuata kwa ulaji ni ndoo. Watu hawaihesabu hita kwa sababu inawaka kwa muda mfupi, lakini kupasha lita 20 za maji kutoka ubaridi wa asubuhi hadi joto la kuogea kunachukua zaidi kidogo ya nusu uniti, hata hita iwe ya aina gani, kwa kuwa maji yenyewe ndiyo yanayodai nguvu hiyo. Ndoo 3 kila siku zinakaribia uniti 52 kwa mwezi, sawa na shilingi 18,500. Yaani mnaoga umeme unaozidi mara sita ule wa taa zote za ndani. Kama watu wazima wataridhika na lita 12 za maji moto badala ya 20, na mmoja wenu akihamia kuoga jioni kwa maji yaliyoshinda juani katika dumu jeusi juu ya kibanda, nusu ya gharama hiyo inaondoka. Jua la Dodoma linapasha dumu jeusi vizuri sana hadi saa kumi alasiri, na hilo nalo ni nishati ya jua, ila halihitaji betri wala inveta. Ninaomba jambo moja tu la usalama kuhusu hita ya ndoo: chomoa kwenye soketi kabla mtu hajagusa maji, kila mara, bila kusamehe hata siku moja, kwa sababu watu wamekufa hivyo.

Globu ya nje sitaizungumzia sana. Wati 60 kwa saa 12 ni uniti 22 kwa mwezi. Ibadilishe leo kwa LED ya wati 9 na utaokoa uniti 18, sawa na shilingi 6,500, na balbu hiyo itakuwa imelipa gharama yake kabla mwezi haujaisha.

Jumlisha friza, ndoo na taa ya nje, utapata uniti 68 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 24,000 kwa mwezi na karibu shilingi 290,000 kwa mwaka, bila mtoto kukaa gizani wala mtu kutokwa jasho kwa kukosa feni. Feni ni wati 60 au 70 tu, waachie wapepewe.

Hapo sasa tuje kwenye karatasi ya fundi, na hapa naomba baba watoto naye asome, kwa sababu fedha ni jasho lake la miaka mingi na hastahili kusikia hesabu hizi kama mashambulizi. Paneli 4 za wati 350 ni wati 1,400. Jua la kwenu ni zuri, na tunaweza kuhesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, lakini joto la paneli, vumbi, nyaya, inveta na betri vinapunguza, na kinachofika kwenye soketi ni karibu uniti 5 kwa siku. Nyumba yenu kwa sasa inatumia uniti 6.8 kwa siku. Kwa hiyo hata siku ya jua kali, hata kila kitu kikienda sawa, mfumo huo hautawafanya msahau LUKU, na siku ya mawingu ya Januari mtaikumbuka sana. Fundi aliyepima bati bila kuuliza mnatumia uniti ngapi kwa siku amepima kitu kisichohusika.

Tuseme basi mtumie kila uniti itakayozalishwa, jambo ambalo haliwezekani kwa kuwa betri zikijaa saa nane mchana umeme unaobaki hauna pa kwenda. Hizo ni uniti 150 kwa mwezi, zenye thamani ya shilingi 53,400, sawa na shilingi 640,000 kwa mwaka. Milioni 6.2 zingerudi baada ya karibu miaka 10. Lakini betri za asidi hazikai miaka 10. Zikiwa zinashushwa kila usiku na kupandishwa kila mchana katika joto, miaka 3 hadi 5 ni umri wa kawaida, na zikishushwa chini ya nusu mara kwa mara zinakufa mapema zaidi. Jirani yangu mmoja alifungiwa betri na fundi ambaye hakumwambia jambo hilo. Aliendesha friji usiku kucha, na kabla ya mwaka wa pili kwisha betri zilikuwa hazifiki saa tatu usiku. Kwenu, betri za milioni 2.2 zikinunuliwa upya kila baada ya miaka 4 ni shilingi 550,000 kwa mwaka, na zinazobaki katika ule uokoaji wa shilingi 640,000 ni 90,000 tu. Kwa 90,000 kwa mwaka, milioni 6.2 hazitarudi katika uhai wenu.

Sisemi sola ni ulaghai. Paneli yenyewe ni kifaa cha kuaminika kinachofanya kazi miaka 25 na zaidi, na ninaamini kwa moyo wote kwamba jua litalisha sehemu kubwa ya umeme wa nchi hii. Hata serikali imeanza kulivuna kwa ukubwa huko Kishapu, Shinyanga, katika mradi uliopangwa kufikia megawati 150 ukianza na 50. Kinachoharibu hesabu ya nyumba yenu ni betri, pamoja na ukweli kwamba nguzo ipo mlangoni na inauza uniti kwa shilingi 356. Mtu anayenunua mafuta ya jenereta kila siku, au anayeishi mahali pasipo na nguzo, hesabu yake ni nyingine kabisa.

Najua mume wako atajibu kwamba tatizo lake ni kukatika kwa umeme kuliko bei. Ni hoja ya haki, na ijibiwe peke yake. Umeme ukikatika kwa saa 4, ni nini hasa kinachoharibika nyumbani kwenu? Barafu yako haiharibiki. Friza iliyojaa na iliyofungwa vizuri inaweza kuhifadhi ugandaji kwa takribani siku 2, na iliyojaa nusu kwa siku moja, alimradi usiifungue. Mzigo wako wa barafu wenyewe ndio akiba, na mpira mzuri wa mfuniko unaifanya akiba hiyo idumu zaidi kuliko betri 4 za N200. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji ya chumvi zilizoganda, ubandike karatasi juu ya mfuniko kuwakumbusha watoto, na uwe na chombo kidogo cha barafu ya kuuzia ili usifungue friza kubwa kwa kila mteja. Nunua pia kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha umeme kwa dakika chache unaporudi, kwa sababu kinachoua kompresa mara nyingi ni ule umeme unaorudi kwa kishindo.

Baada ya hapo zinabaki taa, simu, runinga na feni moja. Hivyo vyote havifiki uniti moja kwa usiku, na vinaweza kuendeshwa na paneli moja au mbili na betri moja ndogo ya lithiamu, ambayo hudumu miaka mingi zaidi ya ile ya asidi. Kama baba watoto anataka utulivu wa moyo, huo ndio ukubwa wa utulivu mnaouhitaji, na atatumia sehemu ndogo tu ya zile milioni 6. Amwambie fundi amwandikie kwa maandishi uniti ngapi zitatoka siku ya jua na siku ya mawingu, betri ina dhamana ya miaka mingapi na nani ataibadilisha ikifa ndani ya muda huo. Fundi mzuri hatakasirika kuulizwa.

Shemeji yako naye nimwambie neno. Hakukosea kuhusu bwawa. Bwawa la Julius Nyerere lililoko mto Rufiji lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na tangu mashine ya kwanza ilipoingiza umeme kwenye Gridi ya Taifa mwezi Februari 2024 hali imebadilika sana; mimi nakumbuka vizuri mgawo uliotangulia mwezi huo, na sitaki kuurudia. Lakini maji ni mafuta ya bwawa, na sisi wa kanda ya kati tunalijua hilo kwa macho, kwa kuwa bwawa la umeme la Mtera liko jirani yetu, na mto Ruaha Mkuu unaolilisha, kisha ukashuka bwawa la Kidatu na kuelekea Rufiji, umekuwa ukikauka nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha tangu miaka ya 1990. Ukame ulileta mgawo mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2022. Zaidi ya hayo, wingi wa umeme Rufiji hauongezi ukubwa wa transfoma ya mtaa wenu: saa mbili usiku, kila nyumba inapowasha kila kitu, ndipo mnapopata umeme mdogo na feni inazunguka kivivu. Na hata bwawa likifurika, mita yako itaendelea kukata shilingi 356 kwa kila uniti. Fedha unazookoa ni zako, Rufiji ijae au isijae.

Kuna jambo moja katika barua yako ulilolitaja kwa kupita, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Mkaa wa shilingi 2,000 kwa siku ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Ni karibu sawa na LUKU yote, lakini hakuna aliyeugombania, kwa sababu unalipwa kidogo kidogo mlangoni na hauna mita. Umeme wenu wa gridi leo unatoka zaidi kwenye maji na gesi asilia. Mkaa unatoka kwenye miti ya miombo ambayo haipandwi upya, na moshi wake unabaki vifuani mwenu. Anayejali nishati jadidifu katika nyumba kama yako aanzie jikoni, kabla ya kupanda juu ya bati.

Uliloambiwa utotoni lilikuwa kweli kwa jiko la koili, ambalo linapasha hewa kama linavyopasha sufuria. Sufuria ya presha ya umeme, ile inayojifunga na kujizima yenyewe, ni kitu kingine. Maharage nusu kilo yasiyolowekwa yanaiva kwa takribani nusu uniti, yaani kama shilingi 180. Makande hayazidi sana hapo, na supu ya mifupa vivyo hivyo. Weka kando ugali, ambao bado utasongwa kwenye gesi au mkaa, maana presha haisongi ugali. Ukihamisha tu vile vyakula vinavyochemka kwa saa 2 na 3, utaongeza uniti 15 hivi kwa mwezi, shilingi 5,300, na mkaa wako unaweza kupungua kwa nusu, shilingi 30,000. Ndiyo maana sipendi sana ulivyolitumia neno kubana, dada yangu. Uliubana umeme ukauachia mkaa, kumbe mahali pengine kuokoa kunakutaka uongeze uniti. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwaka 2024, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Wewe unaweza kufika mwezi ujao, kwa sababu faida iko kwako kwanza.

Kuhusu kuzungumza na baba watoto, usimpelekee barua hii kama hukumu. Mwombe Jumamosi moja mkae naye mbele ya mita, mzime vyote, muwashe kimoja kimoja, yeye asome na wewe uandike: friza peke yake, kisha hita, kisha taa zote za ndani. Mtu aliyeona kwa macho yake uniti zinavyoshuka hita inapowaka hahitaji kushawishiwa na mke wala na fundi. Shemeji naye aalikwe.

Na mama mkwe wako asisubiri. Umeme umefikishwa karibu katika vijiji vyote zaidi ya 12,000 vya Tanzania Bara, lakini vitongoji ni zaidi ya 64,000, na wazee wengi kama yeye wanaziona nguzo kwa mbali tu. Kwake hakuna uniti ya shilingi 356 ya kulinganisha nayo. Kuna mafuta ya taa, kuna nauli na malipo ya kuchajia simu, na kuna moshi wa koroboi machoni kila usiku. Paneli ndogo ya wati 20, betri yake ndogo ya lithiamu, taa 3 na tundu la kuchajia simu vinamtosha, na hata majirani watachajia kwake. Mnunulie kabla ya hiyo yenu, na mkienda kuifunga, taa moja iwekeni nje upande wa njia ya chooni, maana huko ndiko mzee hujikwaa usiku.

Mshauri wako.